Mwalimu Wangu wa Kizulu Kule Evere

Mwalimu wangu wa Kizulu hakupenda kuombwa radhi. Ukikosea neno darasani ukasema samahani, alikunja uso akakuuliza kama umemkanyaga mguu. "Hujanikanyaga? Basi rudia neno." Kama umechelewa, ingia ukae. Kama hukufanya zoezi, sema hukufanya. Radhi, alisema, ndicho kitu wanachokupa watu wasiokuwa na nia ya kukupa kingine.

Nilikaa naye muhula mmoja tu, halafu siku moja zaidi baada ya mwaka na nusu. Kuna jamaa zangu wa damu niliokua nao nyumba moja ambao siwezi kuandika ukurasa mmoja juu yao. Yeye namkumbuka mpaka namna alivyofunga vifungo vya koti, kuanzia chini kwenda juu. Koti lenyewe lilikuwa la kiume, la marehemu mumewe wa Kibelgiji, na mikono yake ilimfika kwenye ncha za vidole.

Nilifika Brussels mwezi wa tisa. Nilikuwa nasomea isimu Dar es Salaam, na msimamizi wangu alitaka nilinganishe Kiswahili na lugha moja ya kusini. Ikapatikana nafasi ya muhula mmoja Ubelgiji, kwenye chuo kilichokuwa na darasa la Kizulu. Nyumbani walicheka. Mama mwenye nyumba niliyepanga kwake chumba, kule Saint-Josse, alicheka zaidi. Alikuwa Mkongomani wa Kivu, tukimwita Maman Furaha, na alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Jette.

"Donc wewe mutoto unatoka Tanzanie," aliniambia siku ya kwanza akinipakulia sombe, kisamvu chao, "unapanda avion, unakuya ku Belgique, juu ya kusoma luga ya Afrique du Sud?"

"Ndiyo, Maman."

"Bon. Mungu akusaidie."

Darasani tulianza watano. Kufikia mwezi wa kumi na moja tulibaki wawili: mimi na mzee mmoja wa Kibelgiji, mstaafu, sikio lake moja halisikii, ambaye alikiri wazi kwamba alikuja kwenye Kizulu kwa sababu darasa la Kichina lilikuwa limejaa. Mwalimu alimpenda kwa sababu hiyo. "Huyu hajaja kuniokoa," alisema. Hakuwavumilia kabisa wanafunzi waliokuja na macho ya huruma. Msichana mmoja, kabla hajaacha, alieleza kwa sauti laini kwamba amesoma kuwa salamu ya Kizulu ina falsafa nzito ya mtu kumwona mwenzake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Ni salamu," akasema. "Watu wakiitoa asubuhi hakuna anayemwona mtu."

Nilipomwambia natoka Morogoro aliweka chaki chini. Katika ujana wake, alipokimbia kwao, alipitia Morogoro akakaa miaka miwili pamoja na wakimbizi wenzake wa Afrika Kusini. Kiswahili kilichombakia kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, kesho, hakuna. Akaniuliza kama ule mlima bado upo.

"Upo, Mwalimu."

"Vizuri. Nilidhani na wenyewe ulihama."

Tangu siku hiyo akawa ananiita ntombi, yaani msichana, na kunisahihisha mara mbili zaidi ya wengine.

Darasani alikataza Kifaransa, lakini akihesabu alihesabu kwa Kifaransa, na akikasirika alikasirika kwa Kifaransa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mtu hukasirika kwa lugha ya wanaomkasirisha. Alisisitiza tufike saa nane kamili, na yeye mwenyewe alifika saa nane na robo, akihema kutokana na ngazi, bila kueleza chochote. Ubelgiji aliisema vibaya kuanzia mvua yake mpaka mkate wake. Lakini siku ile mzee mstaafu alipojaribu kuchangia kwa kuiponda serikali ya nchi yake, alimkatiza. "Wewe nyamaza. Nchi hii ilinipa kitanda nikiwa sina pa kulala. Ya kuisema niachie mimi."

Kubwa lililotushinda lilikuwa zile sauti za Kizulu zinazopigwa kwa ulimi, kama mtu anayefungua kizibo cha chupa. Alitufundisha kwa neno iqanda, yai. Nikienda kwake Evere, kitongoji cha Brussels alikoishi, yai halikuingia kinywani kwangu mpaka nilitaje sawasawa, na siku nyingine lilipoa mezani. Yeye alilitamka bila juhudi yoyote, kwa sauti kali na safi, akinyoosha kidole kwenye shavu lake ili nione ulimi unapogonga.

Alhamisi hatukukaa darasani. Tulitembea. Alikataza daftari, alichotaja ulitakiwa ukishike kichwani mpaka kituo kinachofuata. Tulianzia Saint-Josse, kwenye maduka ya Waturuki na Wakongomani, ambako alitafuta unga wa mahindi wa kupikia uphuthu, ugali wao mkavu wa chengachenga. Kila mara alilalamika kwamba umesagwa laini mno, na kila mara aliununua. Maziwa ya mgando aliyapata kwa Mmoroko mmoja. Aliyaonja pale pale dukani, akatikisa kichwa kama mtu anayemsikia mwimbaji akikaribia kupatia wimbo. Kisha tulipanda basi mpaka Evere, na kama mvua haikuwa kubwa tuliingia makaburini.

Yale makaburi ni makubwa, yana njia pana zenye miti, na yeye aliyapenda kwa kufundishia wakati uliopita. "Hawa wametulia," alisema. "Kila walichofanya kimekwisha." Tulisimama mbele ya jiwe, tukasoma jina, tukatunga sentensi. Wafa, alikufa. Wakha indlu, alijenga nyumba. Washiya imali, aliacha pesa.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Majani yalikuwa yameoza njiani na viatu vyangu vilikuwa vimelowa. Nilikuwa nimechoka, nikamwomba anipe mfano wa nafsi ya kwanza, nao wa kuacha. Akasema, "Ngashiya ingane." Niliacha mtoto.

Nikarudia kama kawaida: "Ngashiya ingane." Kisha, kwa sababu tulikuwa tumetoka kujifunza vimilikishi, na nikitaka sifa, nikauliza, "Ingane kabani?" Mtoto wa nani?

"Eyami," akasema. Wangu.

Nikamsifu mwalimu wangu kwa jibu zuri. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto usoni. Alinitazama, akaona sijaelewa, akanieleza tukiwa tunatembea kuelekea lango, kwa Kiingereza chake cha haraka kisicho na mapambo. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi minane. Alimwachia mama yake kwa miezi mitatu, mpaka mambo yatulie. Hayakutulia. Katika kila barua nne ilifika moja. Mipaka ilipokuja kufunguliwa kwa watu kama yeye, binti alikuwa ameshakua, ana miaka kumi na minane. Akaenda. Binti akampokea vizuri, akampa kiti, akamwita "anti". Akakaa siku kumi na moja, akarudi Brussels.

"Kwa nini siku kumi na moja?" nikauliza.

"Basi linakuja," akasema, na kweli lilikuwa linakuja.

Hakulizungumza tena. Ila niligundua kwamba sentensi zake za mifano hazikuwa na mama wala mtoto, na kwamba zile za siku ile lazima zilimponyoka, au alikuwa amezichagua. Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili, na bado sijui.

Wiki mbili kabla ya Krismasi hakuja darasani. Mzee mstaafu na mimi tulikaa mpaka saa tisa, tukaandika maneno ubaoni, tukaondoka. Wiki iliyofuata hakuja tena na simu yake haikupokelewa. Ofisi ya chuo walisema wanafuatilia. Jioni ile Maman Furaha alirudi kutoka kazini akavua viatu mlangoni, akaanza kunisimulia siku yake, kama kawaida yake.

"Kuko maman moja kule ku service yetu, ni mu-noire, miaka yake pengine soixante-quinze, sabini na tano. Alipata AVC, upande moja wa mwili ulikufa. Anasema luga yenye hakuna mutu anasikia. Tuliita Mukongomani, tuliita Murundi, hata Musénégalais tuliita. Wote wakashindwa. Docteur anasema ile Français yake ilienda na maladie. Anasemaka tu amanzi, amanzi. Mi nikasema, bon, kwetu ni mayi, acha nimupatie mayi. Akakunywa!"

Nilikuwa nimeshasimama. "Ana koti la kiume?"

"Eh! Umemujua namna gani?"

Kesho yake asubuhi tulikwenda pamoja Jette. Alikuwa amelala karibu na dirisha, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Nikamwamkia kwa Kizulu. Akageuza macho, na machozi yakamtoka upande mmoja tu. Kisha akazungumza. Alizungumza kwa haraka, maneno mengi, dakika nzima labda, yote aliyoyaweka kwa siku kumi bila mtu wa kumsikia. Mimi niliambulia maneno sita. Maumivu. Dirisha. Viatu. Nyumbani. Nani. Nani tena.

Daktari, mwanamke kijana mpole, alinishukuru kana kwamba nimemletea dawa. Akaniuliza kwa Kiingereza kama naweza kutafsiri mpaka wampate mkalimani. Walikuwa wanamtafuta na walikuwa wameahidiwa mmoja wiki ijayo. Nikamwambia nina miezi mitatu tu ya Kizulu. Akasema hiyo ni zaidi ya waliyonayo wote humu ndani. Kwa hiyo kwa siku kadhaa, maisha ya mwalimu wangu yalipita katika msamiati wangu. Nilimuuliza anaumwa wapi kwa neno la somo letu la pili. Nilimweleza kiharusi kwa kusema kichwa kimeanguka, maana sikuwa na jingine. Aliponijibu kwa sentensi ndefu, niliwaambia "ndiyo" au "hapana", na hayo ndiyo waliyoyaandika.

Kwenye mkoba wake walikuta kijitabu chenye namba moja ya Afrika Kusini, bila jina. Mwanamke wa ustawi wa jamii aliniomba nipige mimi. Nilipiga nikiwa kwenye korido, mgongo ukutani. Ilipokelewa mara ya tatu, na sauti ya mwanamke niliyekisia kuwa ni yule binti. Tulizungumza Kiingereza.

"Wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa mama yake, na kwamba mama yake yuko hospitalini.

"Mwanafunzi wa nini?"

"Wa Kizulu."

Nyuma yake nilisikia redio na mtu akiosha vyombo. "Anakufundisha Kizulu," akasema polepole. "Mimi hakunifundisha hata neno moja."

Nikamweleza hali ilivyo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Mwambie nimesikia."

"Nimwambie unakuja?"

"Nimekwambia umwambie nimesikia." Akakata.

Nilirudi wodini. Mwalimu alikuwa ananitazama tangu nilipofungua mlango. Alikuwa ameona kijitabu mkononi mwangu. Sentensi nilikuwa nayo, fupi, isiyo na kosa: Uthi uzwile, anasema amesikia. Niliiandaa njiani. Nikafika kitandani, nikaona macho yake yanavyoningoja, nikasema, "Uthi uyeza." Anasema anakuja.

"Nini?" akasema.

Kwa hofu niliyokuwa nayo nilisikia Kiswahili. Nikarudia, "Uyeza."

"Nini?" akasema tena, kwa nguvu, na mkono wake mzima ukanishika kifundo cha mkono. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Kizulu nini ni lini. Alikuwa anauliza siku. Nikaongeza uongo wa pili ili kuutegemeza wa kwanza. NgeSonto, nikasema. Jumapili.

Jumapili ile sikwenda. Maman Furaha alikuwa zamu. Aliporudi hakuvua viatu, alikaa moja kwa moja kwenye kiti. "Mutoto, ulimwambia nini ule maman? Leo alitaka tumuvalishe robe. Tukamuchana nywele. Akaangalia mulango kutoka asubuhi mpaka vile visites zinaisha. Hakula."

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, bila ukali, "Weye utaenda kumwambia kweli. Si mimi."

Sikwenda wiki ile. Nilimwandikia binti ujumbe: nimemwambia unakuja Jumapili, akavalishwa akakungoja siku nzima, nimekosa, sikujua niseme nini. Alama zikaonyesha kwamba ameusoma. Hakujibu. Jumapili ya pili Mwalimu akavalishwa tena. Mkalimani alikuwa ameshafika katikati ya wiki, mwanamume wa Johannesburg aliyejua anachofanya, na mambo ya dawa hayakunihitaji tena. Nilijiambia kwamba hata habari hii mkalimani anaweza kuifikisha. Jumapili ya tatu, saa za wageni zilipoanza, nilikwenda mwenyewe.

Alikuwa amevaa gauni la bluu, amekalishwa kwenye kiti. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu kwenye basi mpaka mtu wa mbele akageuka. Nikasema, "Ngiqambe amanga." Nimesema uongo. Sauti ya ulimi katikati ya neno ilinitoka vibaya, ikafifia.

Hakunikasirikia. Alinyoosha kidole, akakiweka kwenye shavu lake, akafungua mdomo ili anionyeshe. Ulimi haukugonga. Akajaribu tena, ikatoka hewa na mate. Akajaribu mara ya tatu. Nilikaa pale nikimwona mwalimu wangu akigundua kwamba hata ile lugha moja iliyobaki haikubaki nzima. Alishusha kidole, akakipangusa kwenye gauni. Nikasukuma kiti chake mpaka dirishani, nikakaa mpaka kengele ya kutuondoa wageni.

Muhula uliisha mwisho wa mwezi wa kwanza. Nilifaulu, mtihani aliusimamia mtu mwingine aliyetumwa na chuo. Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga nikamkuta amelala, na sikumwamsha. Nilijiambia ni huruma.

Mwaka na nusu baadaye nilirudi Brussels kwa wiki moja, kwa mkutano wa wanafunzi wa isimu. Maman Furaha aliniambia kwamba Mwalimu amehamishiwa nyumba ya wazee kule Evere, na kwamba hasemi tena. "Hata amanzi hasemi. Wanamupa tu." Nikaenda Jumamosi asubuhi.

Chumbani kulikuwa na mwanamke wa umri wa kama miaka hamsini, amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji mkononi. Begi la safari lilikuwa limesimama pembeni. Alimlisha kwa kijiko, taratibu, akikwangua kidevu kila baada ya funda, kama mtu aliyefanya kazi hiyo kwa wengi. Mwalimu alikuwa mdogo sana kitini. Macho yake yalinipita yakaenda ukutani.

Mwanamke aliniuliza mimi ni nani. Nilipotaja, aliweka kijiko ndani ya bakuli.

"Ni wewe uliyemwambia nakuja."

"Ni mimi."

"Nilikukasirikia mwaka mzima," akasema. "Kila Jumapili, nikiwa napika, nilijua kuna mtu amevalishwa ananingoja. Nani alikupa ruhusa ya kunifanyia hivyo?"

"Hakuna."

Alinitazama akisubiri kama nitaongeza. Sikuongeza. Akachukua kijiko, akaendelea kulisha. Baada ya muda akasema kwamba alikuja kumuuliza mama yake jambo moja tu, kwamba alijipanga miezi, kwamba kwenye ndege aliliandika ili asilie katikati. Wauguzi walimweleza mlangoni kwamba mama haongei. Yuko hapa siku ya tano sasa, Jumanne anaondoka.

"Alipokuja nilikuwa na miaka kumi na minane," akasema. "Alikaa siku kumi na moja. Nilikuwa nimehesabu kwamba itanichukua wiki mbili kuanza kumwita mama. Siku ya kumi na mbili niliamka, kitanda kimetandikwa. Alikueleza kwa nini?"

Ningeweza kusema. Sababu nzuri zilikuwa nyingi, zikanijia zote kwa pamoja: aliogopa kukusumbua, alikuona una amani, alilia njia nzima. Yeye alikuwa ameegemea mbele, bakuli magotini, na uso ambao ungeamini lolote.

"Nilimuuliza," nikasema. "Hakunijibu."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Alimaliza kumlisha, akamfuta mdomo, akaosha kijiko kwenye sinki. Kisha akatoa simu na kusema kwamba hawana picha hata moja wakiwa pamoja, akauliza kama nitaweza kuwapiga moja. Akaburuta kiti chake, akakaa bega kwa bega na mama yake, akanyoosha kola ya gauni la mama kisha ya kwake. Nilipoinua simu, mwalimu aligeuza uso polepole kuelekea dirishani, kwenye mwanga. Tukangoja. Binti alimwita, kwa Kizulu, kwa neno ambalo sikuwahi kufundishwa. Hakugeuka.

"Piga hivyo hivyo," akasema, na akaangalia kamera.

Nikapiga.